Aliyejua Umri wa Jimbo Zima

Mkunga wetu hakuwa na mazoea ya kutaja umri wa mtu kwa hesabu ya miaka. Ukimwuliza, alifumba macho, akapitisha kidole gumba juu ya vidole vingine kimoja kimoja, kisha akasema, "Huyu ni wa mwaka chui alipoingia sokoni. Mvua za kwanza. Mama yake aliniomba uji wa ulezi kabla ya wakati, nikamnyima." Habari ya uji hakuna aliyeiuliza, lakini kwa Mkunga hukuweza kupata mwaka bila uji wake.

Alikotoka na ukoo wake siyajui, na sikuwahi kumsikia akiyataja. Mtu aliyewatoa wenzake wengi hivyo duniani labda hakuona haja ya kueleza nani alimtoa yeye. Nilimkuta Isevya, ng'ambo ya mji wa Tabora, katika nyumba ya udongo iliyotazamana na njia ya zamani ya misafara, pale inapouacha mji na kuelekea Ujiji. Mimi nilikuwa kijana wa misheni ya Moravian kutoka Usoke, nimepata kazi ya ukarani bomani, na chumba nilichopanga kilikuwa mkabala na mlango wake.

Siku ya kwanza nilimwamkia kama nilivyofundishwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Usoke, mama."

"Nani alikuzalisha?"

Nikamwambia sijui. Alinitazama kwa masikitiko makubwa, kana kwamba nimekiri sijui jina la baba yangu. "Umesoma mpaka ukawa karani, na hilo hulijui? Andika barua nyumbani uulize." Nikaandika kweli, kwa sababu sauti ile haikuacha nafasi ya kufanya vingine. Jibu lilipokuja kwamba ni shangazi yake baba, nilimpelekea habari. "Namjua," alisema. "Ana mkono mzito. Ndiyo maana kichwa chako kiko hivyo." Tangu siku hiyo tukawa majirani wa kweli.

Alitembea polepole, kwa mwavuli mweusi uliokuwa haufunguki, na kazi ya mwavuli ule ilikuwa kuwafukuza mbuzi njiani. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata mume wa mtu aje anahema na kiatu kimoja mguuni. "Mtoto hana haraka," alisema, akitafuta kilemba chake bila wasiwasi. "Wenye haraka ni ninyi." Alichelewa harusini, alichelewa matangani, na kwenye maulidi alifika wakati sinia za pilau zinarudi jikoni. Lakini kwa mzazi hakuchelewa hata mara moja, na namna alivyofika kwa wakati kwa mwendo ule ni jambo ambalo nimelifikiri sana bila kulipatia jibu.

Alikuwa na mambo yake yasiyolingana. Mikono ile iliyozoea damu haikuweza kuona kuku akichinjwa. Siku ya kuchinja alijifungia chumbani na kujiziba masikio kwa pembe za kanga. Wanawake waliopiga kelele za uchungu aliwakaripia bila huruma, akiwaambia kwamba mtaa mzima unajua tayari, hakuna haja ya kutangaza. Yeye mwenyewe alipokwenda hospitali kung'olewa jino, watu waliokuwa wakingoja treni stesheni walimsikia. Kula katika nyumba ya mzazi kabla ya siku arobaini alikataa katakata, watu wasije wakasema amefuata chakula. Siku ya arobaini na moja alibisha hodi, amebeba sahani yake.

Alipenda ubishi. Alibishana na Banyani wa dukani juu ya chumvi, na mwadhini juu ya jua limezama au halijazama, na mimi juu ya kila kitu kilichoandikwa gazetini. Akishindwa, alisema, "Wewe umezaliwa jana." Kwa watu wengi wa mtaa ule hilo halikuwa tusi. Yeye alikuwapo.

Kisha serikali ikatuletea jimbo.

Nieleze kidogo, maana walioyaona wamepungua. Kabla ya hapo, sisi wa viungani hatukuhesabika popote. Watu wa mjini walituita watu wa mbuzi na mihogo. Watu wa vijijini walituona wajanja wa mjini. Likaja tangazo kwamba kutafanywa uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, na kwamba Isevya, Kiloleni, Kwihara na vitongoji vyote vya ukingoni vitakatwa kutoka mjini na kuwa jimbo peke yake, lenye mjumbe wake. Watu waliokuwa wakigombania kisima kimoja tangu vita vya kwanza waliambiwa kwamba sasa ni kitu kimoja. Furaha yake ilikuwa kubwa, na maswali yake pia. Mzee mmoja wa Kwihara aliuliza kama jimbo litakuja kwa lori au kwa treni. Mwingine akamcheka, akamweleza kwamba jimbo haliji, jimbo ndio sisi, naye akaitazama kanzu yake juu mpaka chini, akasema basi angeambiwa mapema aifue.

Masharti ya kupiga kura yalikuwa machache. Kwa watu wetu, yaliyowahusu zaidi ni mawili: uwe umetimiza miaka ishirini na moja, na ujue kusoma na kuandika. Mimi niliwekwa mezani, kwenye baraza la shule, na daftari jipya la kuandikisha majina. Juu yangu alikuwa Mzungu kijana wa bomani, yule tuliyemwita Bwana Shauri kwa sababu mashauri yote madogo yaliishia kwake. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda karatasi tu, na watu wetu hawakuwa nazo. Wakristo wenzangu walikuja na vyeti vya ubatizo, Wakatoliki na Wamoravian, vimekunjwa mara nne ndani ya vitabu vya nyimbo. Lakini mafundi seremala, wauza samli, wanawake wa maandazi na Waislamu wa tangu enzi za misafara hawakuwa na cheti cha kitu chochote. Siku ya kwanza Bwana Shauri aliwarudisha nyumbani nusu ya watu waliopanga foleni. Mmoja alikuwa na mvi.

Siku ya pili akaja Mkunga, na mwavuli wake. Alikuja kujiandikisha mwenyewe kwanza. Umri wake hakuna aliyethubutu kuuliza. Alipoambiwa aandike sentensi moja ya Kiswahili, aliandika mistari sita kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Bwana Shauri alishika kichwa, akamwita mwalimu wa chuo cha Kurani aje asome. Mwalimu akasoma kwa sauti mbele ya foleni nzima: ilikuwa namna ya kupika mchuzi wa pilipili manga kwa mwanamke aliyetoka kuzaa, na onyo kwa waume wanaouonja. Bwana Shauri akasema sheria imetaka Kiswahili, na hiki ni Kiswahili. Nikamwandika.

Hakuondoka. Aligeuka akatazama foleni, akamwona seremala aliyerudishwa jana, akasema, "Huyu mnamrudisha kwa nini? Huyu ni wa mwaka reli ilipofika." Akafumba macho, akatoa habari yake yote, mpaka jina la mbuzi aliyechinjwa siku ya kutolewa nje. Bwana Shauri akajaribu mtu wa pili, na wa tatu, akilinganisha na wale wenye vyeti ili amtege. Hakutegeka. Mchana nikatumwa kumletea kiti.

Kwa siku kumi na tatu Mkunga alikaa kwenye kiti kile kando ya meza yangu, na mtu asiye na karatasi alisimama mbele yake. Neno lake likawa cheti. Na msidhani alikuwa akiwapitisha watu ovyo. Mama mmoja, shoga yake wa miaka mingi, alimleta mwanawe na kumbembeleza amwongezee miezi michache tu. "Mwanao ana miaka ishirini na miezi minne," Mkunga alimjibu. "Mimi ndiye niliyemtoa. Wewe ulikuwa umefumba macho." Wakanuniana mpaka Idi.

Majina yalipokwisha kubandikwa ukutani ili mwenye pingamizi aseme, likaja pingamizi moja tu. Lilimhusu Zuhura.

Zuhura alikuwa mshonaji, mwanamke mwembamba asiyeweza kukaa kimya, mwenye cherehani barazani kwa mama yake. Alijifundisha kusoma kwa magazeti aliyofungiwa vitambaa. Msimu ule alishona kofia na bendera za mikutano, na alijua hotuba zote kwa moyo kwa sababu wasemaji walizijaribia pale pale barazani wakingoja nguo zao. Mkunga alikuwa amemtolea ushahidi kwamba ana miaka ishirini na mitatu. Sasa karani mzee wa baraza la Liwali, mtu asiyesahau wala kusamehe koma, alileta kitabu cha kesi. Ndani yake, miaka tisa nyuma, Mkunga huyo huyo alikuwa ameapa kwamba Zuhura ana miaka kumi na mmoja.

Hata mimi niliweza kujumlisha hiyo. Ishirini.

Kesi yenyewe wengi waliikumbuka. Mfanyabiashara wa ngozi, mtu mzima mwenye wake wawili, alikuwa amemposa Zuhura, na baba yake akakubali. Mama yake akakimbilia kwa Mkunga. Mkunga akaenda kwa Liwali, akafumba macho, akasema mtoto ni wa miaka kumi na mmoja, bado anacheza kombolela. Posa ikavunjika.

Shauri likasikilizwa pale pale kwenye baraza la shule, na nusu ya jimbo jipya ikaja kusikiliza. Bwana Shauri aliweka kitabu cha Liwali upande mmoja na daftari langu upande wa pili. "Mama," alisema, "vitabu viwili, na maneno mawili yako. Lipi ni kweli?"

Nilikuwa karibu na Mkunga kuliko mtu yeyote, na niliona anavyolipima. Akisema la Liwali ndilo kweli, Zuhura hana kura, naye atasema tu kwamba juzi alichanganya. Mzee kuchanganya si kosa. Akisema la leo ndilo kweli, amekiri mbele ya wote kwamba aliapa uongo, na majina ya kurasa nzima katika daftari langu yalikuwa yamesimama juu ya neno lake tu. Nilitamani achague kuchanganya. Nasema wazi, kwa sababu ndivyo nilivyohisi: nilipenda daftari langu kuliko kura ya Zuhura.

Zuhura naye alisimama. "Nimeshona kofia za mkutano mzima," alisema, "halafu mimi nikae nje niwatazame vichwa vyao? Lakini mama, kama ni kukuaibisha, acha. Nitangoja uchaguzi mwingine."

"Kaa chini," Mkunga alimwambia. Kisha akamgeukia Bwana Shauri. "La leo ndilo kweli. Kwa Liwali nilisema uongo."

Watu wakaguna. Kijana mmoja nyuma, mmoja wa wale aliowakatalia, akaona siku yake imefika. "Njia ya mwongo ni fupi, bibi."

"Yangu imekwenda miaka tisa," Mkunga alijibu bila kugeuka. "Na bado inaendelea."

Kicheko kilipita, lakini Bwana Shauri hakucheka. Alimwuliza amesema uongo wa namna hiyo mara ngapi. Nilidhani Mkunga atakasirika. Badala yake alifumba macho, na kidole gumba kikaanza safari yake. "Wasichana saba," alisema. Akawataja mmoja mmoja, na waume waliowakosa. Wawili kati ya waume hao walikuwa mle kwenye umati, na walianza kutazama angani. "Nimewapunguza miaka wasichana saba ambao watu wazima wenye ndevu waliwataka. Mvulana sijampunguza, wala sijamwongeza mtu. Hao sita wengine wamo daftarini mwako kwa umri wao wa haki. Karani, watafute."

Nikawatafuta. Walikuwamo, wote sita. Lakini bado lilikuwa neno lake juu ya neno lake, na Bwana Shauri akatikisa kichwa. Alitaka kitu ambacho hakikutoka kinywani mwa Mkunga.

Hapo ndipo mfanyabiashara wa ngozi alipojipenyeza mbele. Alikuwa amezeeka, tumbo mbele, na kanzu aliyovaa ilishonwa na Zuhura mwenyewe. Alikuwa na karatasi ya njano mkononi. Nikaona yamekwisha, kwa sababu kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kulipiza, ni yeye.

"Bwana," alisema, "mimi siku ile kwa Liwali nilisema msichana huyu alizaliwa wiki niliyofungua banda langu la ngozi. Sote tulikuwa jirani. Nilisikia vigelegele nikiwa napigilia mabati. Hii ni leseni ya banda, na muhuri wa boma hili hili. Nilimwonyesha Liwali. Akaitazama, akamtazama Mkunga, akanirudishia."

Bwana Shauri aliipokea kwa mikono miwili. Karatasi, hatimaye. Akaisoma mbele na nyuma, akahesabu kwa penseli. "Miaka ishirini na mitatu," alisema.

"Na miezi miwili," alisema Mkunga.

Yule mzee akawageukia watu, uso umemng'aa. "Mmesikia? Miaka tisa nimeitwa mwongo mtaa huu. Leo nimeshinda kesi yangu." Zuhura alicheka mpaka akashika nguzo, na Mkunga akamwambia yule mzee kwamba ameshinda vizuri sana, amekosa mke tu. Alikubali kwamba ni kweli.

Zuhura akabaki daftarini. Daftari nalo likabaki zima. Lakini Bwana Shauri alikuwa mtu wa utaratibu, na kabla ya kufunga shauri alitoa amri, nami nikaiandika kwa mkono wangu: kwamba tangu siku hiyo ushahidi wa mkunga juu ya umri usikubaliwe peke yake, ila uwe na shahidi wa pili. Aliisoma kwa Kiswahili, polepole, kwa heshima. Mkunga alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauchukua mwavuli wake, akasema, "Ni haki," akaondoka. Kiti kilibaki pale siku mbili bila mtu wa kukikalia.

Aliifuata amri ile kuliko sisi wote. Akija dukani kusema chumvi imepanda bei, alikuja na jirani. Akisema mvua ilinyesha Kiloleni, alimwita mpita njia. "Muulizeni na huyu," alisema, "langu peke yake halisimami." Mtaa ulicheka, na mwanzoni nilicheka pia. Baadaye nikaona kwamba ule ubishi wake umepungua. Hakuniambia tena kwamba nimezaliwa jana. Niliona haya kupita mlangoni kwake, kwa sababu mwandiko wa amri ile ulikuwa wangu.

Siku ya kura alifika amechelewa, kama kawaida, na watu wakampisha mbele, kama kawaida. Zuhura alikuwa wa nne kwenye foleni tangu alfajiri. Alipotoka alikuwa kimya, na ndiyo mara ya pekee niliyomwona hivyo. Mjumbe tuliyemchagua alikuwa mtu wa kadiri, wala jimbo halikupata lori.

Muda si mrefu nikahamishiwa Nzega, nikaoa huko. Mke wangu alipokaribia kujifungua nilimpeleka Tabora, watu wakidhani ni kwa ajili ya hospitali. Haikuwa hivyo. Ilikuwa miezi michache kabla ya bendera kubadilishwa, na vijana walikuwa wakipaka chokaa mawe ya barabarani siku tulipofika. Asubuhi ya tatu Mkunga alivuka njia mpaka kwenye chumba changu cha zamani, kwa mwendo wake ule ule, akanitoa nje ya nyumba, akaniweka barazani kwa jirani na bakuli la uji.

Uji haujapoa akatokea mlangoni, anafuta mikono. Alikuwa amechoka, na nilimwona mzee kwa mara ya kwanza.

"Wa kike," alisema. "Mzima. Mama yake mzima. Jua limepanda kiasi cha mtu mmoja juu ya paa la msikiti." Kisha akageuka, akaanza kuita upande wa pili wa ua, "Mama Asha, njoo umwone na wewe, useme."

Sisi Wamoravian tuna desturi ya kuandika kuzaliwa kwa watoto kwenye ukurasa wa mbele wa Biblia. Nilikuwa nayo magotini tayari, na kalamu imefunguliwa.

"Mwache Mama Asha, mama," nilimwambia. "Lako linatosha."

Alisimama pale, kitambaa mkononi. Mama Asha alikwisha kutoka jikoni mwake, akaona namna tulivyo, akarudi. Mkunga alikaa chini karibu yangu, akafumba macho, na kidole gumba kikapita juu ya vidole vyake vyote, polepole, mpaka cha mwisho.

"Andika," alisema.